ID ya ukurasa upi? Jiulize kabla ya kuandika msimbo

Nilipokuwa mgeni kwenye WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, nilipewa kazi iliyoonekana ya dakika 10: kuweka kihesabu wasomaji chini ya kila makala. Nikaita get_the_ID, kitendakazi kinacholeta ID (namba ya utambulisho) ya makala, nikahifadhi namba kwenye hifadhidata, nikafunga kompyuta. Siku chache baadaye makala moja kuukuu, ambayo hata wahariri walishaisahau, ikawa inaongoza kwa kusomwa.

Chanzo kilikuwa orodha ya makala 5 zilizochaguliwa na mhariri, iliyokaa juu kidogo ya kihesabu changu. Orodha hiyo ilikuwa na WP_Query yake, yaani ombi lake la kuchukua makala, na mzunguko (loop) wa kuzipitia moja moja; kila the_post inapoitwa kusogea kwenye makala inayofuata, kigeu cha jumla $post hushika makala nyingine. Mzunguko ulipoisha, hakuna aliyekirudisha kilipokuwa. Kihesabu kikaokota ID ya makala ya tano, kwenye kila ukurasa. Dawa yake ni mstari mmoja tu baada ya mzunguko: wp_reset_postdata.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, tofautisha maswali mawili. get_the_ID hujibu "makala gani iko mkononi sasa hivi?" Ndani ya mzunguko ndiyo unayoitaka. get_queried_object_id hujibu "mgeni amefungua nini?", na hiyo haiyumbishwi na orodha za pembeni. Kihesabu changu kilihitaji ya pili.

Ila nayo ina mtego wake. Kwenye ukurasa wa kategoria hurudisha namba ya kategoria, na kwenye ukurasa wa mwandishi hurudisha namba ya mwandishi. Kategoria ya 12 na makala ya 12 zinaweza kuwepo pamoja bila uhusiano wowote, na msimbo wako hautalalamika. Utaandika data mbovu kimyakimya. Tanguliza is_singular kila mara, kuhakikisha mgeni yuko kwenye makala au ukurasa mmoja. Ukurasa wa mwanzo unaoonyesha makala mpya hurudisha 0.

Ukiita get_queried_object_id moja kwa moja ndani ya functions.php, faili la msimbo wa themu, hutapata kitu, kwa sababu ombi la mgeni bado halijachambuliwa. Subiri hadi template_redirect, hatua (hook) inayokuja baada ya uchambuzi huo.

Wanaotumia Drupal, mfumo mwingine wa tovuti, huchukua nodi (kipande cha maudhui, kama makala) kwa routeMatch na getParameter('node'). Huko adui ni kache, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa ili itumike tena: kama bloku (kisehemu cha ukurasa) haijaambiwa kwamba inategemea njia ya ukurasa, ID ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa inaweza kujitokeza kwenye kurasa nyingine zote. Nimeona watu wakihangaika na msimbo usio na kosa lolote kwa sababu hiyo.

Na usiandike namba kwa mkono. Makala yenye ID 48 kwenye seva ya majaribio si lazima iwe na ID 48 kwenye seva halisi.

Ukishuku namba uliyopata, fungua chanzo cha ukurasa utazame tagi ya body. Themu inayotumia body_class huandika pale postid-48 kwa makala, au page-id-48 kwa ukurasa. Linganisha na yako.