Leseni ya Vileo Si Kibali cha Shoo: Niliyojifunza Nikiwa na Ukumbi Mwanga, Kigoma

Nilipofungua baa yangu Mwanga, hapa Kigoma, niliamini kwamba karatasi moja iliyotundikwa nyuma ya kaunta ilitosha kwa kila kitakachofanyika ndani. Leseni ya vileo ilikuwa halali na ada nilikuwa nimelipa. Usiku wa Idi pili nikaalika wacheza shoo kutoka nje ya mkoa, nikatoza kiingilio mlangoni, na kabla ya saa sita maofisa wakaingia wakiongozana na polisi, wakauliza swali moja tu: kibali cha onyesho kiko wapi? Sikuwa nacho. Ukumbi ulifungwa siku kumi na moja, huku deni la kreti za bia nilizochukua kwa mali kauli likinisubiri.

Kosa lilikuwa langu. Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968 inahusu uuzaji wa pombe, yaani aina ya leseni, mahali na saa za kuuza. Maonyesho ya jukwaani yana njia yake, inayotokana na Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa ya mwaka 1984, na kwa sisi wa mikoani mtu wa kuanza naye ni afisa utamaduni wa halmashauri. Anayetaka kufungua ukumbi wa starehe namshauri aandike kila kitakachofanyika humo, pamoja na kile anachoona haya kukitaja, na awaone afisa utamaduni na afisa biashara kabla hajanunua hata spika moja. Shoo za nguo nusu ndizo zinazowaponza wengi, kwa kuwa mwenye ukumbi hujitetea kwamba ni ngoma tu, ilhali kuruhusu jengo lako litumike kwa biashara ya ngono ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na hakuna halmashauri inayoweza kuihalalisha kwa kibali. Usiku ukisogea, mpaka kati ya mambo hayo mawili hufifia upesi. Niliuona ukififia kwangu, ndiyo maana chumba cha nyuma nilikibomoa ukuta kikawa stoo ya wazi. Watoto nao, kila aliye chini ya miaka 18, wasiingie, hata kama ni mpwa wako aliyeleta chenji.

Tarehe nazo zina mtego. Leseni ya vileo huhesabiwa kwa nusu mwaka, kuanzia 1 Aprili hadi 30 Septemba na 1 Oktoba hadi 31 Machi, kwa hiyo anayeikata mwezi Februari amenunua wiki chache tu.

Manispaa hutunga sheria ndogo kwa mamlaka iliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Omba nakala na uisome mwenyewe, kwa sababu utakutana na mtu mlangoni akidai ada ambayo haimo humo. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali peke yake, nawe udai risiti. Fedha taslimu uliyompa mtu mkononi haikulindi siku ya ukaguzi.

Lakini lililoniokoa zaidi halikuwa karatasi. Nilipoomba kufunguliwa, mtendaji wa mtaa alinishauri nizungumze kwanza na majirani, nami nikaenda kwa mzee aliyepakana nami nikitarajia mawaidha kuhusu pombe. Akanikaribisha kwenye mkeka, akasema, “Mwanangu, bia zako sina neno nazo. Ni hiyo besi. Inatikisa bati mpaka vumbi linaingia kwenye uji wa wajukuu.” Akanionyesha bakuli. Miezi yote nilikuwa nikidhani ananichukia kwa sababu ya dini, kumbe spika zangu mbili zilikuwa zimeelekezwa dirishani kwake. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinapima hilo kwa desibeli, na kiwango cha usiku ni kidogo kuliko cha mchana. Nilimwita fundi tukazigeuza spika zielekee barabarani, dirisha lile tukaliziba kwa tofali, kisha nikarudi kwa mzee saa tatu usiku muziki ukiwa unapigwa, tukakaa pale mkekani kusikiliza kama bati linalia.