Nimemaliza dawa za pylori, mbona chai ya maziwa bado inanisumbua?

Swali: Daktari, nakaa Kondele, Kisumu. Ni miezi mitano sasa tumbo linajaa gesi na kunguruma, na nikinywa chai ya maziwa naharisha. Nilipimwa damu nikaambiwa nina bakteria H. pylori, nikameza dawa siku 14. Juzi damu imepimwa tena, bado ipo. Nirudie dawa?

Jibu: Usirudie kwa sababu ya kipimo hicho, dada. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, na hizo hubaki damuni miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Omba cha antijeni (chembechembe za bakteria wenyewe) kwenye choo, au cha pumzi. Kifanywe angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, uwe umeiacha wiki 2. Ukiwahi, bakteria huwa wachache mno kuonekana, jibu linatoka "hakuna" ilhali wapo.

Lakini H. pylori huishi kwenye mfuko wa chakula. Anachochoma ni chembe cha moyo. Kuharisha saa moja au mbili baada ya maziwa kunaelekea zaidi kwenye laktosi, sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi kwetu hawaisagi vizuri. Inafika utumbo mpana nzima, bakteria wa huko wanaichachua, gesi inajaa.

Hapa kuna jambo lanitia shaka. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina laktosi kama gramu 12, na wengi wenye shida hii huivumilia. Chai ya nusu kwa nusu ina kama gramu 6 tu. Kikombe kimoja kikikuharisha, pimwa jiadia pia, mdudu wa maji yasiyochemshwa. Huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, mahali penyewe laktosi inaposagwa, na maziwa yanaweza kukusumbua wiki kadhaa hata baada ya kutibiwa. Peleka choo mara 3, siku tofauti, kwani hatoki kila siku.

Majibu yakitoka safi, kunywa turungi wiki 2 bila maziwa yoyote, kisha jaribu glasi moja ya maziwa peke yake. Bila mandazi! Ngano nayo huleta gesi kwa wengine, na ukivichanganya hutajua mkosaji ni nani. Mala, yaani maziwa ya kuganda, huvumilika zaidi, maana sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria wake.

Ukiona damu, choo cheusi kama lami, au nguo zinaanza kupwaya, acha majaribio uende hospitali.