Boti haisimami Corniglia

Je, boti ya abiria ya Cinque Terre, vijiji vitano vya pwani kaskazini-magharibi mwa Italia, husimama katika kila kijiji? Hapana. Monterosso, Vernazza, Manarola na Riomaggiore vina mahali pa kushukia, lakini Corniglia hakina gati, kwa kuwa kimejengwa juu ya jabali, takriban mita 100 kutoka usawa wa bahari. Njia nyepesi ya kukifikia ni treni inayokwenda baina ya La Spezia na Levanto, ingawa ukishuka kituoni bado inakungoja ngazi ya matofali yenye vidato 382, inayopinda huku na huku hadi juu. Niliipanda mchana wa Julai nikiwa na begi mgongoni, na tangu hapo namshauri kila mtu apande basi dogo la kijiji. Boti yenyewe ina faida yake, maana huendelea hadi Portovenere, penye kanisa la San Pietro lililo ncha kabisa ya mwamba, lenye kuta za mistari ya mawe meusi na meupe. Bahari ikichafuka, safari huahirishwa, na majira ya baridi boti hupumzishwa.