Mwanangu Zuhura, umeuliza vizuri

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, "Mama, siku ukizidiwa ukashindwa kusema, tumwambie nini daktari?" Kisha ukaniomba radhi kana kwamba umenitukana. Hujanitukana. Kaka yako kila nikianza anasema, "Mama, usijitabirie." Kusema hakumwiti Izraili, mwanangu.

Mwezi uliopita mgonjwa wa kitanda cha jirani alipoteza fahamu akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kama hii yangu ya figo. Wanawe wakavutana koridoni, huyu anataka baba apelekwe chumba cha mahututi, yule anataka arudishwe nyumbani. Mimi nimefungwa mirija, masaa yangu manne hayajaisha, nasikia kila neno. Mzee wa watu hakuwahi kuwaambia anataka nini.

Mashine bado naitaka. Mara tatu kwa wiki nachoka, jioni hiyo hata uji haupiti, lakini kesho yake nachuma mchicha na kumsomesha Salma juzuu. Ukiniwekea sikio mkononi, pale walipounganisha mishipa, utasikia inavuma kama nyuki. Maadamu nawajua na tunaongea, nipelekeni.

Ikifika siku siwajui tena, na daktari akasema hakuna kurudi, niachisheni. Nimemuuliza: figo zikiwa zimekufa kabisa, aliyeachishwa mashine mara nyingi huishi siku chache, wiki moja au mbili hivi. Wala hatupwi. Dawa zipo za kubanwa pumzi, za kuwashwa, za maumivu. Ila hapo muwe macho: diklofenaki ya maumivu msininunulie dukani, na morfini, ile dawa kali ya maumivu, hukaa mwilini kwa mwenye figo kama zangu, dozi aipange daktari anayezijua. Mrija wa kupumulia sitaki. Nataka kitanda changu, dirisha la upande wa mnazi, na mtu wa kunisomea Yasini.

Msemaji wangu ni wewe. Kaka yako nampenda vilevile, lakini neno "basi" halitamtoka, nami simlaumu. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa, mbele ya baba yenu mdogo, asije akadhani umejipa.

Daktari ameshayaandika kwenye faili langu. Nakala iko kwenye sanduku la kanga, chini ya kisutu. Nikibadili mawazo tutaiandika upya.

Ukija Idi tuisome pamoja, na uniulize lile ulilolifuta kabla ya kutuma. Niliona ulivyoandika ukaacha, ukaandika ukaacha.

Mama yako