Maswali ya Wasomaji: Baiskeli za Mbio za Zamani

SWALI: Nimeonyeshwa baiskeli mbili za mbio za zamani. Moja imepakwa rangi upya na ina stika ya Reynolds 531, aina ya bomba za chuma chepesi za Uingereza. Nyingine imechubuka, stika zote zimebanduka, ila vipuri vyake ni vya Campagnolo, kampuni ya Italia. Ipi inafaa kuhifadhiwa?

JIBU: Anza na hiyo iliyochubuka. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa na makovu, ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta, na ikishakwanguliwa hairudi. Stika hutengenezwa mpya na kuuzwa, kwa hiyo stika juu ya rangi mpya si ushahidi.

Ushahidi uko kwenye bomba. Chomoa nguzo ya kiti uipime kwa kalipa, na uhakikishe haikuviringishiwa bati kuzibia nafasi. Fremu ya Uingereza ya 531, ile ambayo bomba zake ni nene miishoni na nyembamba katikati, kwa kawaida huchukua nguzo ya milimita 27.2. Ukikuta 25.4, kuta za bomba ni nene: hicho ni chuma kizito, stika iseme itakavyo. Za Ufaransa zina kipimo chake: kipenyo cha nje cha bomba zao ni kidogo zaidi, hivyo 26.4 si kasoro.

Nguzo ikigoma kutoka, usiigonge kwa nyundo. Aluminiamu iliyokaa miaka ndani ya chuma bila grisi hushikana nacho. Kuitoa kwa nguvu kunaweza kupasua fremu.

Sasa geuza baiskeli, upitishe kidole chini ya bomba la mshazari, sentimita chache tu kutoka kwenye shingo. Ukihisi tuta, au rangi imepasuka kwa kukingama, baiskeli hiyo ilijigonga kwa mbele. Iache, hata iwe ya jina gani. Halafu funga uzi inapokaa ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe upande wa pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 2, fremu imepinda.

Kuhusu Campagnolo, kibadilisha gia cha Nuovo Record cha miaka ya 70 huandikwa mwaka wake: "PATENT-74" ni 1974. Ukilingana na umri wa fremu, huenda vipuri ni vyake vya asili. Futa krenki ya kulia, yaani mkono unaobeba pedali, na uimulike tochi pale mkono unapokutana na matawi yanayoshika gia za mbele. Hapo ndipo nyufa huanzia.

SWALI: Nina Peugeot ya zamani. Kikombe cha kulia cha beringi za ekseli ya pedali hakifunguki. Kwa nini?

JIBU: Pengine unakikaza. Kwenye baiskeli za hesi ya Uingereza kikombe cha kulia hufunguliwa kwa kuelekea mshale wa saa. Hesi ya Ufaransa, yenye kipenyo cha milimita 35 na nafasi ya milimita 1 kati ya mizunguko, hufunguliwa kinyume cha saa. Tatizo ni kwamba Peugeot kadhaa za mwishoni mwa miaka ya 70 zina hesi ya Uswisi: kipimo kilekile, ila hufunguliwa kama ya Uingereza. Tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri hadi kesho yake, kisha jaribu pande zote mbili kwa nguvu ya kiasi.

Usibadilishe pedali kwa kukisia pia. Krenki za Ufaransa huchukua hesi ya milimita 14. Pedali za kawaida ni kubwa kidogo, na ukizilazimisha zitakula hesi ya krenki.