Wasomaji Wauliza: "Attrition" na Ndugu Zake

Redioni nasikia "war of attrition". Ripoti ya ofisi yetu nayo imeandika "staff attrition 10.5%". Hili ni neno moja au mawili? – Msomaji, Dodoma

Ni neno moja. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "terere", kusugua, na picha iliyomo ndani yake ni ya vitu viwili vinavyosuguana hadi vipungue. Sisi tunayo methali inayolieleza kuliko kamusi nyingi: bandu bandu huisha gogo. Katika "war of attrition" hakuna anayetegemea pigo moja la ushindi. Adui anapunguziwa askari, silaha na chakula kidogo kidogo mpaka aishiwe. Mfano unaotajwa sana ni Verdun, Ufaransa, ambako Wajerumani na Wafaransa walipigana kuanzia Februari 21 hadi Desemba 18, 1916. Watu walikufa kwa mamia ya maelfu, na mwishowe sehemu kubwa ya ardhi iliyotekwa ilikuwa imerudi mikononi mwa Wafaransa. Ukitafsiri, "vita vya kudhoofishana" inafaa. "Vita vya msuguano" inapotosha, kwa sababu msuguano kwetu ni kutoelewana tu.

Ofisini wanaopungua ni wafanyakazi: wamestaafu, wameacha kazi au wamefariki, na nafasi zao hazikujazwa. Chukua idadi ya walioondoka, gawanya kwa wastani wa wafanyakazi wa kipindi hicho, kisha zidisha kwa 100. Mkianza mwaka mkiwa 100, wakaondoka 10 bila mtu kuajiriwa, mtamaliza mkiwa 90. Wastani ni 95, na jibu ni asilimia 10.5. Wengi hugawanya kwa 100 ya Januari, wakapata 10.

Usilichanganye na "turnover", ambayo huhesabu pia walioondoka na nafasi zao zikapata watu wengine. Hata hivyo ofisi nyingi huyatumia maneno haya mawili kama pacha, kwa hiyo kabla ya kulinganisha ripoti mbili, soma kila moja imemhesabu nani. Na ukiona "through natural attrition", hakuna anayefukuzwa: watu watasubiriwa waondoke wenyewe. Tamka a-TRI-shen, mkazo katikati.

"Erosion", "corrosion" na "abrasion": kamusi yangu inasema yote ni kulika. Lipi litumike wapi? – Mwanafunzi, Nakuru

Usitazame kinacholika, tazama kinachokula. Maji na upepo vikichukua udongo wa shamba, hiyo ni "erosion", mmomonyoko. Bati likishika kutu, kemikali ndiyo inayokula, kwa hiyo ni "corrosion". Kosa tunalolikuta mara nyingi ni "the roof is eroded by rust". Sahihi ni "corroded". Kitu kigumu kikikwangua kingine, kama msasa kwenye ubao, ni "abrasion". Ndiyo maana fomu ya hospitali ikiandika "abrasions" inasema michubuko.

Wewe wa jiografia utayakuta haya mtoni. Mawe yakisugua kitanda cha mto ni "abrasion". Mawe yenyewe yakigongana mpaka yawe madogo na ya mviringo ni "attrition", lile lile la Verdun.

Daktari wa meno ana mgawanyo wa aina hiyo hiyo. Jino likisagana na jino, mathalani kwa mtu anayesaga meno usingizini, ni "attrition", na sehemu ya kutafunia huwa bapa. Mswaki mgumu unaosukumwa kwa nguvu kulia na kushoto huleta "abrasion", yaani kijishimo karibu na ufizi. Asidi ya soda au ndimu huleta "erosion": enameli, gamba gumu la nje la jino, inayeyuka, jino linakuwa laini na la kung'aa. Hapa kuna mtego, kwa sababu kazi ya asidi kwenye chuma ingeitwa "corrosion". Kinywani haiitwi hivyo.

Kwa mafumbo, imani na thamani ya fedha huenda na "erode": "Inflation erodes savings."

Nikigombana na jirani naweza kusema "I conflicted with my neighbour"? – Msomaji, Tanga

Hapana. Kwa Kiingereza vinavyo-"conflict" ni ratiba, maelezo na maslahi, si watu: "The two reports conflict." Watu "argue", "quarrel" au "fall out". Mkazo nao huhama: nomino ni KON-flikt, kitenzi ni kon-FLIKT.

Mgogoro wa ardhi uliofika baraza la kata ni "dispute". "Land quarrel" hushusha kesi ikawa ugomvi wa uani. "Feud" ni uhasama wa miaka, mara nyingi wa koo mbili. Na "he argued that..." haimaanishi aligombana, bali alitoa hoja. Kosa hilo huweza kuharibu tafsiri ya hotuba ya bunge.

"Wear out", "wear off", "wear down": zinatofautianaje? Na "wear and tear" kwenye mkataba wa nyumba ni nini? – Mpangaji, Dar es Salaam

"Wear" ni kuvaa, na nguo ikivaliwa sana huchakaa. Maana ya pili imetoka hapo. Kinachokwisha kabisa "wears out": viatu, tairi lenye kipara, hata mtu aliyechoka hoi, "I'm worn out". Kinachofifia "wears off": ganzi, rangi ya kucha, nguvu ya dawa. Kwa hiyo usiseme "the medicine wore out", labda kama vidonge vyenyewe vimechakaa. "Wear down" ni kumchosha mtu kwa kumng'ang'ania mpaka akubali.

"Wear and tear" ni uchakavu wa matumizi ya kawaida. Haina wingi, usiandike "wears and tears". Mkataba ukisema "fair wear and tear excepted", rangi ya ukuta iliyofifia au sakafu iliyopauka mlangoni haikatwi kwenye amana yako. Kioo kilichovunjika au tundu ulilotoboa ukutani kinaweza kukatwa. Piga picha za kila chumba siku ya kupokea funguo, zenye tarehe, na umtumie mwenye nyumba nakala siku hiyo hiyo.