Miti ya shamba imepukutika Februari: je, imekufa?

SWALI: Assalaam alaikum mtaalamu. Mwaka jana mwezi wa Mei nilinunua ekari mbili upande wa Samburu, Kwale, ukishapita Mariakani. Siku niliyoonyeshwa palikuwa kijani kitupu. Februari hii nimerudi, nimekuta vijiti vya kijivu na vumbi, ilhali hapa kwangu Kisauni mwembe na mwarobaini vimesimama na majani yake. Je, nimeuziwa ardhi iliyokufa? Jirani wa huko ataka kunikatia miti yote achome makaa, tugawane.

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Kwanza mzuie huyo jirani. Nina hofu kubwa kwamba miti anayotaka kuikata iko hai.

Ipime mwenyewe. Kwangua ganda la tawi kwa ukucha au ncha ya kisu, padogo tu, kama punje ya mchele. Ukikuta kijani chenye unyevu, mti u hai. Ukikuta pakavu na hudhurungi, jaribu tawi nene zaidi, kisha shina, ndipo uhukumu.

Jani ndilo mlango ambao maji ya mti hutokea. Vitundu vyake vikifunguka kuvuta hewa, mvuke nao hutoka. Kisauni mti unamudu gharama hiyo: mvua ya Mombasa ni kama milimita 1,000 kwa mwaka, na hata katika kaskazi hewa ya baharini imejaa unyevu, kwa hiyo jani halinyonywi sana. Samburu mvua ni haba na hewa ni kavu. Mti wa nyika ukishikilia majani yote Januari hadi Machi utajimaliza, basi unayaangusha na kungoja masika.

Na kungoja huko si kukaa bure. Tazama ile miti mifupi yenye ganda jembamba linalobanduka kama karatasi, ambayo wataalamu huiita Commiphora. Chini ya karatasi hiyo kuna kijani, na shina hufanya sehemu ya kazi ya jani. Mbuyu nao una tabaka la kijani chini ya ganda, na maji uliyoyaweka shinani huweza kuutolea majani mapya kabla tone la mvua halijaanguka. Mimi huuona huo kuwa ufundi mkubwa kuliko wa mwembe.

Si yote hupukutika. Mswaki hubaki kijani kiangazi chote kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana. Ukiwa nao shambani, usiuguse. Ukitaka kuongeza kivuli, panda mkwaju na mwarobaini masika yanapoanza, uimwagilie misimu ya mwanzo. Mwembe utakuchosha kwa maji.

Kuhusu ardhi yenyewe, usilinganishe Februari na Mei, wala Samburu na Kisauni. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutumia picha za setilaiti kupima kijani cha nchi, na kijani cha sasa hulinganishwa na cha wakati kama huo huo miaka iliyopita. Nawe fanya hivyo kwa simu: piga picha leo ukisimama penye alama, urudi hapo hapo Mei, kisha Februari ijayo. Mvua nzuri ikishanyesha wiki tatu na miti haijachipua, udongo umeganda ukoko mgumu na maji yanachimba mifereji, hapo una neno la kumuuliza aliyekuuzia.

Zile nyasi kavu usizichome. Ndizo zitakazovunja nguvu ya matone ya kwanza ya masika, maji yazame badala ya kuondoka na udongo wako.